Tanuru moja, tofali rangi tatu: chuma kwenye udongo kinafanya nini hasa kikipata moto? (Urambo, Tabora)

#1 Fundi Miombo
Wakuu, za jioni.

Niko Urambo, najenga nyumba ndogo na bani la kukaushia tumbaku kwenye eneo la familia. Udongo tumechukua sehemu mbili, mwingi ni wa kichuguu, mwekundu kabisa, na mwingine tumechota mbugani kule kwenye majaruba ya mpunga, huo ni wa kijivu unakaribia weusi. Kibao cha kufyatulia kimoja, tanuru moja, kuni zilezile za miombo, nje tumekandika tope kama kawaida, moto tumesukuma mpaka tofali za juu zikaonekana zimeiva.

Tanuru limepoa, tunafumua, nakuta mambo. Za kichuguu zilizokaa katikati ni nyekundu safi, ukizigonga zinalia. Za jirani na midomo ya moto zimekuwa nyeusi inayoenda zambarau, ngozi inang'aa, zingine zimeshikana mbilimbili hata nyundo inahangaika. Nimevunja mojawapo, ndani ni nyeusi tii halafu pembeni kuna mkanda mwekundu wa unene wa kidole hivi. Sasa hizi za mbugani, ambazo zikiwa mbichi ndio zilikuwa nyeusi, zimetoka njano iliyopauka!

Fundi anasema ni chuma, udongo wa huku una chuma kingi. Sawa, ila chuma hichohicho ndio kinaleta nyekundu, nyeusi na njano? Na kinaongeza ugumu au kinaharibu? Wenye ujuzi wa madini na wafinyanzi karibuni.

#2 Dogo Nzega
Nipo siti ya mbele. Huku kwetu hizo nyeusi wanazitafuta sana kwa ajili ya msingi.

#3 Mwl Kemia
Fundi wako yuko sahihi. Udongo mwekundu au wa njano wa kwetu rangi yake ni kutu, yani oksidi za chuma. Ile yenye maji ndani yake inaitwa gethaiti, ina rangi ya njano ya kahawia, ukiipasha mpaka kwenye nyuzi 300 hivi maji yanatoka inageuka hematiti, na hematiti ndio wekundu wa tofali. Tofali nyekundu za kawaida zina oksidi ya chuma kama asilimia 5 hadi 8 hivi.

Upande wa udongo wenyewe, kaolini (ule udongo mweupe wa mfinyanzi) inapoteza maji yake ya ndani kati ya nyuzi 450 na 600, hapo hata ukiiloweka hairudi tena kuwa tope. Ukivuka 950 inaanza kujipanga upya, na juu ya 1000 kunazaliwa madini mapya yanaitwa mulaiti, fuwele ndefu nyembamba kama sindano zinazofungana ndani ya tofali. Chuma kikiwepo mulaiti inaanza mapema na inakua haraka, kwa sababu atomu za chuma zinaweza kukaa kwenye nafasi ya alumini. Kwahiyo chuma = mulaiti zaidi = tofali gumu. Jibu ndio hilo.

#4 BaniLaTumbaku
Mwalimu heshima yako, ila mulaiti kwenye tanuru la kuni la Urambo umeipata wapi? Haya matanuru yetu ya kukandika mengi yanacheza 800 mpaka 1000 hivi, na hiyo 1000 ni pale mdomoni tu. Katikati tofali linafika rangi ya cheri iliyoiva na hapo hujafika hata 900. Mulaiti ya maana inataka 1100 kwenda juu na muda wa kutosha.

Ugumu wa tofali zetu unatokana na kuyeyuka kidogokidogo kwenye mipaka ya chembe, ile glasi ikipoa inagundisha kila kitu. Nimechoma tofali za mabani miaka mingi huku Kaliua, sindano sijaziona.

#5 Mwl Kemia
BaniLaTumbaku hizo sindano hazionekani kwa macho, zinataka darubini ya elektroni au mashine ya miali ya eksirei. Na nimesema juu ya 1000, sijasema katikati ya tanuru. Mtoa mada amesema za mdomoni zimeshikana, udongo haushikani kwenye 800.

#6 Jiolojia Mtaani
Nyote wawili mna pointi ila mmeruka kitu kikubwa, HEWA. Chuma kina sura mbili. Kikishiba oksijeni ni hematiti, nyekundu, na yenyewe ni ngumu kuyeyuka, kwenye moto wenye hewa inakaa tu humo ndani kama rangi. Hewa ikipungua ndio mambo yanageuka. Mkijaza kuni mpaka mdomo umejaa na mmekandika kila tundu, moto unakosa pumzi unaanza kutoa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Hiyo gesi inamnyang'anya hematiti oksijeni, anageuka magnetiti, nyeusi, na ukiendelea anashuka mpaka chuma cha daraja la pili, yani chenye oksijeni pungufu, na huyu ndiye mharibifu. Akikutana na silika, yani madini ya mchanga, anayeyuka naye kwenye nyuzi 1180 hivi wakiwa wawili tu, wakiongezeka potasiamu na sodiamu inashuka zaidi. Linganisha na kaolini safi isiyo na chuma, inavumilia mpaka zaidi ya 1700.

Kwahiyo zile nyeusi za Fundi Miombo sio kwamba zina chuma kingi kuliko nyekundu, udongo ni mmoja. Zimekosa hewa tu. Na kama ni udongo wa Tabora kumbuka chini yetu ni graniti, graniti ikioza inaacha kaolini pamoja na madini ya feldispa yenye potasiamu, hapo kiyeyushi unacho tayari, chuma kinakuja kumalizia.

Kuhusu mulaiti: ni kweli inapokea chuma ndani yake, inaweza kubeba mpaka karibu asilimia 10, kinachobaki kinakaa nje kama hematiti au kinaingia kwenye glasi. Lakini kuyeyuka kukizidi tofali linapinda na kuvimba mapovu. Kwahiyo "chuma = ugumu" ni kweli mpaka mahali fulani, ukipita hapo ni hasara.

#7 Mgebuka
Salaam kutoka mwisho wa reli. Hiyo nyeusi ya ndani mbona mnaiita chuma moja kwa moja? Udongo wa kichuguu umejaa vitu vilivyooza, mizizi, mate ya mchwa, nini. Moto ukipanda haraka ngozi ya nje inaziba kabla ya uchafu huo kuungua, kaboni inabaki imenasa ndani. Huo ni mkaa ndugu zangu, wala hauna uhusiano na chuma. Vunja chungu chochote cha pale Ujiji uone, ndani cheusi nje chekundu, na chungu hakijafika hata 900.

#8 Bi Mtungi
Mgebuka umenigusa, mama yangu alikuwa anafinyanga Ujiji. Udongo anauchota bondeni anauchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, anavitwanga kwanza kwenye kinu. Akishafinyanga anasugua na kijiwe laini cha ziwani mpaka ngozi inateleza, mtungi mwingine anaupaka ngeu ili uwe mwekundu zaidi. Kuchoma ni nje hapohapo, vijiti chini, vyungu katikati, nyasi juu, asubuhi mpaka adhuhuri kazi imeisha.

Mnaloongelea la hewa nalijua kwa macho. Pale ukuni ulipoegemea chungu pakikosa hewa panatoka baka jeusi, na baka hilo lina mpaka kabisa, unaona hapa nyekundu hapa nyeusi. Mama akitaka kuliondoa anageuza chungu kwenye makaa yenye upepo na baka linafifia. Akitaka chote kiwe cheusi anakitoa kikiwa bado chekundu cha moto anakifunika majani mabichi na pumba. Sasa sijui kinachoondoka hapo ni mkaa wa Mgebuka au ni chuma cha huyo kaka wa jiolojia.

#9 Jiolojia Mtaani
Bi Mtungi asante, maelezo mazuri sana. Kwa vyungu vya moto mdogo nakubaliana na Mgebuka zaidi, baka la moshi kwa kiasi kikubwa ni kaboni. Lakini chuma nacho kinafanya mchezo huohuo, na hii haina ubishi: wafinyanzi wa kale wa Athens, Ugiriki, walikuwa wanachora picha nyeusi juu ya chungu chekundu kwa udongo wenye chuma tu, bila rangi nyingine. Wanachoma kwanza na hewa, kila kitu kinakuwa chekundu. Halafu wanafunga hewa, kila kitu kinakuwa cheusi. Halafu wanafungua tena. Sehemu ya mchoro ilikuwa ya udongo laini sana imeshageuka glasi, hewa haipenyi tena, inabaki nyeusi, chungu kingine kina vitundu kinarudi kuwa chekundu. Hiyo ni magnetiti na ndugu zake.

Sasa lipime tofali la Fundi Miombo kwa mantiki hiyo, ngozi imeng'aa, imeziba, ndani nyeusi. Ni chuma kilichofungiwa.

#10 Mgebuka
Au kaboni iliyofungiwa 😀 ngozi ikiziba inamfungia yeyote aliyemo. Mkuu bado hujanijibu.

#11 Dogo Nzega
Si mchukue sumaku jamani? Magnetiti inashikwa na sumaku, mkaa haushikwi. Toa sumaku kwenye spika mbovu, twanga kipande cheusi, pitisha, mchezo uishe.

#12 BaniLaTumbaku
Dogo ana akili kuliko sisi wote humu.

#13 Chumvi ya Uvinza
Kabla hamjamaliza ya nyeusi, mimi nataka hii ya njano. Udongo wa mbugani mara nyingi una vijiwe vya chokaa, vile vipunje vyeupe vigumu. Chokaa ikifika 800 hadi 900 inaachia gesi, inabaki chokaa kali, na moto ukizidi hapo inaungana na silika na alumina kutengeneza madini mengine, gehleniti, anorthiti, pairoksini, na haya yanakimeza chuma ndani yake. Chuma kikimezwa hakitengenezi hematiti, hakuna wekundu, tofali linatoka njano. Zile tofali za njano zilizojenga mitaa ya zamani ya London ni hivyohivyo, udongo ulichanganyika na chaki.

Fundi Miombo chukua udongo mbichi udondoshee ndimu au siki, ukichemka mapovu ni chokaa. Na angalia sana tofali hizo mvua zikianza, kile kipunje cha chokaa kinakunywa maji kinavimba kinarusha kipande cha ngozi ya tofali, unabaki na tundu lenye doa jeupe katikati.

#14 Mwl Kemia
Chumvi ya Uvinza maelezo yako ya chokaa ni sahihi ila kuna njia fupi zaidi. Mbuga inakaa na maji miezi mingi. Udongo uliotuama chini ya maji hauna hewa, chuma kinageuka kile cha daraja la pili, kinayeyuka kwenye maji na kuondoka. Ndio maana mbuga ni ya kijivu na kichuguu pembeni yake ni chekundu. Weusi wake ukiwa mbichi ni wa mboji na ule udongo wenyewe wa mbuga, moto unauondoa. Kwahiyo labda njano hiyo hakuna aliyemeza chuma, ni kwamba chuma chenyewe ni kidogo. Ndio kama kaolini ya Pugu, inatoka nyeupe kwa sababu chuma chake ni kidogo sana. Viwanda vya vyombo vyeupe duniani vinapitisha kaolini kwenye sumaku kubwa kutoa chuma, hata asilimia 1 inawaharibia.

#15 Chumvi ya Uvinza
Sasa mwalimu, chuma kidogo kingetoa rangi ya waridi au krimu. Yeye amesema njano.

#16 Mwl Kemia
Inategemea macho ya msemaji na jua la saa ngapi. Fundi Miombo tupe picha.

#17 Fundi Miombo
Wakuu asanteni. Simu yangu kamera imepasuka, naazima ya jirani kesho. Ila haya nimeshayafanya leo.

Ndimu: udongo wa mbugani nilioudondoshea sehemu moja umetulia kimya, sehemu nyingine palipokuwa na kipunje cheupe pamechemka kidogo. Kwahiyo chokaa ipo ila imekaa kwa madoadoa, haijaenea.

Sumaku: nimetwanga cheusi cha ndani, unga umesimama kwenye sumaku kama ndevu. Nimetwanga chekundu, kimeshika kidogo sana. Halafu kijana wangu akaipitisha kwenye kichuguu kibichi, unga wa udongo ambao haujaona moto kabisa, nao ukashika, tena sio kidogo. Hapo nimechanganyikiwa.

#18 Dogo Nzega
Daah. Nirudishieni akili yangu.

#19 Jiolojia Mtaani
Hapana Dogo, hilo la mwisho ndio tamu kuliko yote. Udongo mwekundu wa nchi za joto mara nyingi una maghemiti. Ni oksidi ya chuma yenye oksijeni kama hematiti ila mpangilio wa ndani unafanana na magnetiti, sumaku inaipenda. Na mojawapo ya njia inayotokea ni moto wa msituni: gethaiti ikipashwa pamoja na majani na mizizi, inageuka maghemiti. Tabora na miombo yake, pori linachomwa kila kiangazi tangu enzi za mababu, udongo wa juu umeshapikwa kidogokidogo hata kabla hujaufyatua. Mchwa wao wanajenga kwa chochote wanachokikuta.

Maghemiti ukiipandisha moto na hewa ipo inageuka hematiti, ndio maana unga mwekundu umeshika kidogo. Unga mweusi umeshika sana, hiyo kwa maoni yangu ni magnetiti iliyozaliwa ndani ya tanuru.

#20 Mgebuka
Au ni maghemiti ya mwanzo ambayo haikupata hewa ya kugeuka, imekaa vilevile, na weusi ni kaboni yangu. Sumaku imeonyesha kuna kitu kinashikwa, haijaonyesha nani ameleta weusi. Chukua kipande cheusi, kiweke juu ya makaa yenye upepo mkali kwa muda mrefu. Kikigeuka chekundu mapema ni kaboni iliyoungua.

#21 Jiolojia Mtaani
Na magnetiti ikipata hewa inageuka hematiti, nayo ni nyekundu. Jaribio lako linatupa jibu moja kwa maswali mawili. Labda upime uzito kabla na baada: kaboni ikiungua kipande kinapungua, chuma kikila oksijeni kinaongezeka. Unahitaji mizani ya sonara.

#22 Mzee Kaliua
Vijana nawasoma tangu jana. Niongeze moja ambalo hamjaligusa, MAJIVU. Midomoni mwa moto ndipo majivu yanaporuka. Majivu ya kuni yana chokaa na potasiamu, yakitua kwenye tofali jekundu la moto yanayeyuka nalo. Nimeangalia tofali za midomoni miaka yote, zinang'aa upande mmoja tu, ule unaotazama moto, na pengine ngozi inakuwa kijani kama chupa. Upande wa nyuma hauna kitu. Kama ni chuma cha ndani kilichokosa hewa mbona hakiyeyuki pande zote?

Wahaya kule Kagera walikuwa wakiyeyusha chuma chenyewe, na udongo wa kichuguu waliutumia kwenye tanuru lao. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha habari zake mwaka 1978, joto lilikuwa kali kupita matanuru yetu haya mbali. Kichuguu kingekuwa kinayeyuka kirahisi kwa chuma chake wale wazee wangekitumia?

#23 BaniLaTumbaku
Shikamoo mzee. La majivu naliunga mkono, kuna jirani yangu alibadilisha akachoma kwa pumba za mpunga peke yake na hakupata ngozi ya kung'aa kabisa. Majivu ya pumba karibu yote ni silika, hayayeyushi kama ya kuni.

#24 Mzee Kaliua
Marahaba.

#25 Jiolojia Mtaani
Mzee shikamoo. Kichuguu na kichuguu vinatofautiana, mchwa anapandisha udongo wa chini wa mahali pake, cha Kagera sio cha Urambo. Ila la kung'aa upande mmoja ni ushahidi mzito. Fundi Miombo, zako zinang'aa upande mmoja au pande zote?

#26 Fundi Miombo
Zilizokuwa mstari wa mbele ni upande mmoja. Zile za mstari wa pili, ndizo zilizoshikana, hazing'ai sana ila zimeiva nyeusi pande zote, na mbili nimeona zimevimba tumbo.

#27 Mwl Kemia
Basi mstari wa mbele mpe mzee na majivu yake, mstari wa pili ni wa chuma kilichokosa hewa. Kuvimba tumbo ni gesi imenaswa kwenye glasi, chuma kikiachia oksijeni na kaboni ikiungua kwa pamoja. Na hizo za mstari wa pili ndipo ningetafuta mulaiti, BaniLaTumbaku ujue sijaacha.

#28 BaniLaTumbaku
Lete mashine ya eksirei tukutane Urambo stesheni.

#29 Bi Mtungi
Na mimi niulize la jikoni. Chungu cha mboga kikichomwa mpaka kikalia sana, kwetu wanasema hakifai, kikienda motoni kinapasuka. Kinachofaa ni kile chenye vitundu kinachovuja kidogo siku ya kwanza ukakipikia uji. Sasa mnavyosifia tofali linalolia ukiligonga, kwa nini chungu ni kinyume?

#30 Chumvi ya Uvinza
Dada, ile glasi mnayoisikia hapo juu ndio sababu. Glasi haina pa kupumulia, upande mmoja ukipata moto ghafla ufa unakimbia moja kwa moja. Chungu chenye vitundu na vigae vya kutwanga ufa unakutana na tundu unaishia hapo. Tofali la ukutani halipikiwi, linataka kuzuia maji na kubeba uzito, kwahiyo glasi kiasi inalisaidia.

#31 Dogo Nzega
Kwahiyo zile nyeusi za msingi ziko sawa au la? Nina lori linasubiri.

#32 Mzee Kaliua
Zilizonyooka weka kwenye msingi, hazinywi maji. Zilizovimba na kupinda vunja uziweke chini ya zege la sakafu. Za njano weka kuta za ndani, na zikae zipigwe mvua kwanza kabla ya lipu, zenye chokaa zitajitaja zenyewe.

#33 Kasulu Kwetu
Nimechelewa, nimesoma yote. Sasa mimi nina kesi inayopinga pande zote. Huku kwetu udongo ni mwekundu vilevile, ila tofali zangu nyeusi zimetokea JUU kabisa ya tanuru, mbali na moto, majivu hayafiki, na sio ngumu hata kidogo, ukikwaruza kwa ukucha zinatoa unga. Ndani ya tofali ni nyekundu, nyeusi ni ngozi tu. Sio majivu, sio kuyeyuka, na kaboni iliyonaswa ingekuwa ndani, sio nje.

#34 Mgebuka
Masizi ya moshi. Kaboni tena 😀

#35 Kasulu Kwetu
Nimeosha kwa brashi na sabuni, haitoki.

#36 Jiolojia Mtaani
Ulifunika juu kwa nini, nyasi mbichi au udongo mtupu? Na kuni zilikuwa kavu? Pitisha sumaku kwenye udongo mbichi kwanza, halafu kwenye hiyo ngozi, uje utuambie.